Gunia Chini ya Bahari: Kamba Yageuka

Msomaji, Jumamosi iliyopita uliniacha nyuma ya boti nimelala kifudifudi, mkono mmoja umekumbatia ndoo, mwingine umeshika kamba. Ndoo ilikuwa ya matapishi yangu. Kamba ilikuwa ya maisha yangu. Na kamba ndiyo kwanza ilikuwa imelegea.

Muuza magazeti wa mtaani kwetu alinisimamisha juzi akaniuliza kama nilikufa maji siku ile. Nikamwambia asome Jumamosi. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Basi ulikufa."

Kwa aliyedandia njiani, habari ni hii. Mimi ni fundi wa maturubai ya malori. Siku moja niliona turubai langu limejaa maji ya mvua bila kuvuja hata tone, nikapata wazo, na tangu hapo sijapata usingizi. Kwa nini ngano ivuke bahari ndani ya meli ya chuma, ikipigana na mawimbi na kunywa mafuta kama ngamia, wakati mawimbi yako juu tu? Shuka chini kidogo na bahari imetulia kama mtoto aliyeshiba.

Basi nikashona mfuko wa turubai na mpira, mrefu kuliko mtaa wetu. Tukaujaza ngano. Tukaufunga minyororo chakavu usielee, tukaufunga maboya usizame, ukabaki umening'inia katikati ya maji. Mbele yake tukaweka tagi moja, kile kiboti kifupi chenye injini kubwa kinachokokota meli bandarini. Basi. Hakuna meli, hakuna kundi la mabaharia la kulisha, na maskini naye anapata ngano kwa bei ya maskini.

Mimi niliuita Chombo cha Kisasa cha Usafirishaji wa Shehena Chini ya Maji. Watu wa bandarini waliuita soseji. Mama mkwe wangu aliuita Gunia, na jina la mama mkwe ndilo lililobaki, kwa sababu tagi ni yake na nahodha ni yeye.

Ndiyo, umesoma vizuri. Wanaume wenzangu wakimwona mkwe huvuka barabara. Mimi nilivuka naye bahari.

Tulikuwa tunaelekea kwenye visiwa ambavyo meli kubwa zimeacha kupita. Bandari yao ina kina kifupi, na faida yao ni fupi zaidi. Maghala yalikuwa yamebaki vumbi, na watu wake walikuwa wanatusubiri. Siku tunang'oa nanga, mke wangu alinishika ukosi wa shati pale gatini.

"Umemchukua mama yangu na umemchukua mdogo wangu," aliniambia. "Ngano ikipotea, nitakusamehe. Mmoja wao akipotea, na wewe potea naye."

Haya. Turudi kwenye kamba.

"Mama!" nilipiga kelele. "Kamba imekuwa laini!"

Kichwa cha mama mkwe kilitokeza dirishani kwenye chumba cha usukani, miwani ikining'inia kwenye uzi. "Laini vipi?"

"Laini tu, Mama. Laini kama tambi!"

"Mkurugenzi, hebu ondoka hapo."

Mama mkwe ana namna tatu za kuniita. Akifurahi mimi ni mwanangu. Akichoka mimi ni mkwe. Cheo cha Mkurugenzi nilijipa mwenyewe, nikakichapisha kwenye kadi, naye hukitumia siku mbaya tu.

Alipunguza injini, akashuka. Ni mwanamke mfupi, mpana, anayetembea kwenye boti inayoyumba kana kwamba yuko sebuleni kwake. Aliitazama kamba, hakunitazama mimi.

"Imekatika," alisema.

"Haiwezi kukatika, Mama. Kitaalamu kamba hii..."

"Bata! Ivute tuone."

Bata ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mzamiaji wa bandarini. Aliitwa hivyo kwa kuwa alijua kuogelea kabla hajajua kutembea. Aliwasha winchi, ile mashine kubwa ya chuma inayokunja kamba, na kamba ikaanza kuja. Ilikuja bila ubishi, imelowa, inachuruzika, pindo juu ya pindo. Kila pindo lilinitoa roho kidogo. Nilikuwa naomba Mungu na kutapika kwa zamu.

Mara kamba ikagoma. Winchi ikaguna. Kamba ikanyooka, ikakaza, imesimama wima kutoka nyuma ya boti hadi kilindini.

"Ipo!" niliruka. "Gunia lipo!" Nikambusu Bata shavuni, nikacheza, nikakanyaga ndoo, nikaanguka.

Bata hakucheza. "Shemeji, usishangilie mapema. Gunia lilikuwa nyuma yetu, mbali kule. Sasa liko chini ya miguu yetu. Nani kalisogeza?"

"Mkondo," nilimjibu nikiwa bado nimekaa ndani ya ndoo. "Ni mkondo wa chini ya bahari. Jambo la kawaida kabisa kitaalamu."

Neno hilo, mkondo, alikuwa amenifundisha Bata mwenyewe jana yake, tukila chakula cha jioni.

Mama mkwe alikuna kidevu. "Nimevuta vitu vingi," alisema. "Nimevuta meli, nimevuta matishari, nimevuta hadi daraja. Sijawahi kuona mzigo unamfuata mvutaji. Bata, shuka ukaangalie. Usikae."

Bata alivaa mtungi wa hewa na miwani. Mama yake ndiye aliyemfunga mkanda, akaukaza kama anamvalisha sare ya shule, halafu akachukua kulabu ya mkanda ule akaipachika kwenye kamba ya Gunia ili maji yasimpoteze mtoto.

"Ukiona kitu hukielewi, rudi," alimwambia. "Usikiulize maswali."

Bata akajitupa. Maji yakafunga.

Mama mkwe alirudi kwenye usukani. Mimi nikabaki nyuma kama mlinzi, nikitazama mapovu ya shemeji na kujisifu kimoyomoyo kwamba tumbo langu limetulia. Sikuwa nimemaliza kujisifu kamba ikasogea.

Ilisogea taratibu, kama mkono wa saa. Kutoka nyuma ya boti ikaja kona. Kutoka kona ikaja ubavuni. Halafu ikakaza. Ikakaza hadi ikaanza kulia, sauti nyembamba kama mbu sikioni.

Boti ikainama.

Siku ya kwanza ya safari mama mkwe alinipa somo moja tu la uanamaji, maana alisema kichwa changu hakibebi mawili. Tagi haiogopi wimbi wala upepo. Inaogopa kamba ya ubavuni. "Kamba ikiwa nyuma yako, wewe ni mvutaji," alisema. "Ikiwa ubavuni mwako, wewe ni marehemu."

Na sasa ilikuwa ubavuni. Ndoo ilinipita mbio. Sufuria za jikoni zilianguka zote kwa mpigo. Maji ya bahari yalipanda juu ya ukingo yakaja kunisalimia miguuni, yakapanda magotini.

"Kata!" sauti ya mama mkwe ilitoka dirishani. "Mkurugenzi, shika shoka, kata kamba!"

Shoka lilikuwa ukutani, jekundu, tayari kwa siku kama ile. Nililing'oa. Nikaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mbele yangu kulikuwa na kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na kila kitu nilichowahi kuwaambia watu kwamba nitakifanya.

Halafu nikauona uso wa mke wangu pale gatini, na mkono wake kwenye ukosi wangu.

"Mama!" nilipaza sauti. "Bata yuko chini! Amefungwa kwenye kamba hii!"

Kukawa kimya. Ni kimya cha ajabu kwa boti inayopinduka, lakini naapa nilikisikia. Kupitia kioo niliuona uso wa mama mkwe. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtukana afisa wa bandari hadi afisa akaomba likizo. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Kulabu ile aliipachika yeye, kwa vidole vyake.

Mfuniko wa chumba cha injini ukafunguka, kikatokeza kichwa cha fundi wa injini, mzee mmoja ambaye tangu tuondoke alikuwa hajaongea na binadamu.

"Nahodha," alisema kwa adabu, "maji yanaingia kwangu."

Akarudi chini.

"Weka shoka," mama mkwe alisema. Hakupiga kelele tena. "Legeza breki ya winchi. Kamba itoke. Itoke yote ikitaka."

"Breki iko wapi, Mama?"

"Mbele ya tumbo lako."

Kweli, palikuwa na gurudumu la chuma mbele ya tumbo langu. Siku zote nilikuwa naanikia taulo pale. Nikalishika nikalizungusha kwa nguvu zangu zote. Boti ikainama zaidi.

"Upande wa pili, mwanangu!"

Msomaji, aliniita mwanangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba tunakufa.

Nikazungusha upande wa pili. Gurudumu likagoma. Nikaning'inia hapo. Nikaweka miguu ukutani, nikaachia mwili mzima. Mwili huu umesemwa sana na watu, mke wangu akiwemo, lakini siku hiyo ulifanya kazi ambayo wembamba wasingeiweza. Gurudumu likalia, likateleza, na winchi ikafunguka kama mdomo wa mtu aliyekuwa ameficha siri.

Kamba ilitoka ikipiga mluzi. Moshi ukafuka, harufu ya mpira ulioungua ikajaa. Boti ikasimama wima ghafla, kama mlevi aliyesikia jina lake likiitwa, ikanitupa upande wa pili, maji yote ya sitahani yakanifuata huko. Nikiwa chini niliisikia injini ikinguruma kwa nguvu zote. Mama mkwe alikuwa anaigeuza boti, anakimbilia kule kamba ilikokuwa inakimbilia.

Boti ilikuwa imepona. Lakini kila pindo la kamba lililotoka lilikuwa linampeleka Bata mbali.

"Unaona mapovu?" aliniuliza.

"Bahari yote ni mapovu, Mama!"

"Tazama vizuri."

Nilitazama hadi macho yakauma. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga juu ya maji, kila mng'ao nikidhani ni miwani ya shemeji. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akiongea, sijui na nani, labda na usukani.

"Huyu alikataa kutoka tumboni," alikuwa anasema. "Daktari alimvuta. Leo nani wa kumvuta?"

Sijui kilichonipata. Nilichukua jaketi la kuokolea nikalivaa. Nikachukua la pili nikalivaa juu ya lile la kwanza. Nikapanda ukingoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta, Mama."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, Mama."

"Kwa hiyo nitafute wawili." Alivuta pumzi, na sauti yake ikawa nzito. "Shuka hapo, mwanangu. Nimekuona. Shuka."

Ndipo mkono ukatokea. Mkono, halafu kichwa, mbele yetu upande wa kulia, mdomo wazi unavuta hewa kama samaki sokoni. Nilichukua boya la duara nikalirusha kwa ufundi ambao sikujua ninao, likampiga Bata katikati ya paji la uso. Akazama. Akaibuka tena, akalishika, akaniambia maneno ambayo mhariri wa gazeti hili ameyaondoa.

Tulimvuta juu. Fundi wa injini akashika usukani, na mama mkwe akaja mbio. Alimzaba mwanawe kofi moja la mkono uliolowa. Halafu akamkumbatia pamoja na mtungi wake, akamkumbatia hadi nikatazama pembeni kwa heshima. Majaketi yangu mawili yalikuwa yamenibana hata mikono haishuki, kwa hiyo nilitazama pembeni nimeinua mikono kama mtu anayeibiwa.

"Kamba ilipoanza kutoka nilifungua kulabu," Bata alisema alipopata pumzi. "Vinginevyo ningekuwa mbali." Akakohoa. "Mama. Hakuna mkondo kule chini."

"Kitaalamu..." nilianza.

"Shemeji, nyamaza." Akamgeukia mama yake. "Maji yametulia kabisa. Gunia ni zima, ngano ni kavu, mishono yote imeshika. Ila kuna waya wa chuma umelizunguka puani. Mnene kama kifundo cha mkono wangu. Unatoka puani unakwenda mbele, kule kwenye giza. Na unavuta. Nimeushika, unatetemeka. Upande wa pili kuna injini."

Tukatazamana.

"Wezi!" nilisema. "Wameiba uvumbuzi wangu!" Na chini ya hasira nilisikia fahari kidogo, kwa maana mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa ameona kwangu kitu cha kuiba.

Mama mkwe alivaa miwani. Rangi ilikuwa imemrudia usoni, na ilikuwa rangi ya mtu niliyemzoea. "Kwa hiyo kuna mtu anavuta mzigo wangu, na nusura amzamishe mwanangu," alisema polepole. "Fundi! Punguza moto. Kaa nyuma yake, kamba isikaze wala isilegee. Anayevuta na avute. Mafuta ni yake. Akichoka atapanda juu, na akipanda atanikuta."

Alichukua redio. "Chombo kinachokokota ngano, jitambulishe." Redio ikakwaruza. "Jitambulishe wakati ninauliza vizuri." Redio ikakwaruza tena.

Tukaifuata kamba. Bata alijifunika blanketi. Mimi nilijaribu kuvua jaketi la juu, likakwama kichwani, nikasaidiwa.

Kisha kamba ikalegea kwa mara ya pili.

Mbele yetu bahari ilibadilika rangi. Yakaja mapovu makubwa kama masufuria ya harusi, yakifuatana, yakipasuka. Halafu maji yakavimba, yakagawanyika, na kitu kikapanda.

Kilikuwa cheusi kwa kutu. Kilikuwa matangi ya mafuta, yale ya duara ya vituo vya petroli, yaliyochomelewa kichwa kwa mkia hadi yakafanya kitu kirefu kama treni. Mishono ya kuchomelea ilikuwa imevimba kama makovu, na yeyote aliyeichomelea alikuwa na haraka. Ilikuwa nyambizi, sikatai. Lakini ilikuwa nyambizi ya watu wa hali yetu. Mkiani waya wake wa kukokotea sasa ulikuwa umejisokota kwenye pangaboi, lile feni linalosukuma chombo, na mwisho wa waya huo, chini ya maji, lilikuwa Gunia langu.

Ubavuni yalikuwa maandishi ya rangi nyeupe, makubwa, yaliyoandikwa kwa mkono: USAFIRI WA MIZIGO CHINI YA BAHARI. NAFUU KULIKO WOTE.

Niliyasoma mara mbili. Wazo langu. Wazo lililoninyima usingizi, nililojichapishia kadi kwa ajili yake, lilikuwa linamnyima usingizi mtu mwingine pia, na yeye alikuwa amepata na kauli ya biashara.

"Shemeji," Bata alininong'oneza, "huyu kaandika vizuri kukushinda."

Mfuniko wa juu ukafunguka kwa kishindo. Akatoka mwanamume aliyevaa suti na tai, miguu mitupu, amelowa hadi kiunoni. Alishika ukingo wa mfuniko kwa mkono mmoja, mwingine akauweka mdomoni kama tarumbeta.

"Nyie!" alipiga kelele. "Mwenye hili dubwana ni nani? Limeninasa mkia tangu alfajiri! Nikipinda halipindi, nikizama linanivuta! Usukani umekufa na maji yanaingia!"

Kwa hiyo hakuwa mwizi. Alikuwa mfungwa wetu, nasi tulikuwa wake, na asubuhi nzima kila mmoja alikuwa anamkimbia mwenzake kwa kumvuta.

"Panda boti yangu, tutazungumza!" mama mkwe alimjibu. "Acha hicho chuma kizame! Mzigo hauna roho!"

Mtu wa suti alitikisa kichwa. Aliinama akatazama chini, ndani ya ule mfuniko, na alipoinua uso hakuwa na hasira tena. Alikuwa na hofu.

"Sikubeba mizigo," alisema.

Tukasikia. Kutoka ndani ya matangi yale sauti zilipanda, kwanza moja, halafu nyingi, za wanawake na za watoto, na mikono inayopiga chuma kwa ndani. Nyambizi ikainamisha pua. Ilikuwa inaanza kuzama, na waya wake ulikuwa bado umefungwa kwenye shehena nzima ya ngano.

"Nauliza kwa mara ya mwisho!" mtu wa suti alilia. "Huu mfuko unafunguliwaje? Mwenyewe ni nani?"

Mama mkwe, Bata na fundi wa injini hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote tangu tutoke bandarini. Sasa wote watatu, bila kushauriana, walinyoosha vidole.

Niligeuka kuona wanamwonyesha nani. Nyuma yangu kulikuwa na bahari tu.